Mjusi na Mganga wa Sindano Moja

Hapo zamani za kale, enzi zile ng'ombe walipojijengea maboma wenyewe na kujitungia sheria wenyewe, alikuwepo mjusi mmoja mdogo, mwembamba, asiyejua kunyamaza. Wewe uliyekaa nyuma, acha kumfinya mwenzio, usikilize.

Mjusi huyo aliishi katika boma la Mzee Ngurumo. Mzee Ngurumo alikuwa fahali, tena fahali haswa! Nundu yake ilikuwa kubwa kama kichuguu, na akikohoa, kuku wa jirani walitaga kabla ya siku zao. Alikuwa na binti mmoja, mtamba mweupe pe, jina lake Nyange. Alimpenda sana, ingawa kusema hakujua.

Nyange na Mjusi walikuwa marafiki. Kila asubuhi Nyange alilala karibu na uzio, Mjusi akampanda mgongoni kuota jua, wakapiga soga mpaka umande ukakauka. Wakubwa walishangaa. Mtamba na mjusi, wapi na wapi! Lakini Nyange hakujali, na Mjusi hakuwa na rafiki mwingine duniani.

Basi masika moja mvua ilinyesha mpaka vyura wenyewe wakaomba ipungue. Siku moja, vuuu! vuuu! akaingia mgeni kutoka ng'ambo ya mto. Ni Inzi. Si yule inzi wa jalalani anayelamba-lamba tu. Huyu alikuwa inzi wa zizini, mwenye mdomo mgumu kama sindano. Ametundika mkoba begani, anatembea kwa maringo kama bwana harusi.

"Hodi wenyeji! Mimi ni Mganga Inzi. Kazi yangu ni kuumika. Naitoa damu mbovu, naiacha nzuri. Malipo sitaki, ile damu mbovu yanitosha."

"Karibu, mganga," alisema Mzee Ngurumo. "Huko ng'ambo hawajambo?"

"Hawajambo kabisa! Wanacheza ngoma!"

Uongo mtupu! Ng'ambo ya mto ng'ombe walikuwa wamelala chali, wana mapele mwili mzima. Lakini mto ulikuwa umefurika, nani angevuka kwenda kuuliza?

Inzi akanusa hewa, akaanza kukohoa. "Khu! Khu! Na moshi huu ni wa nini?"

Sasa hapa tegeni sikio. Katika boma lile palikuwa na desturi ya tangu mababu. Kila nyumba ilikoka moto wa mavi makavu, ukafuka moshi kutwa kucha. Kwa nini? Waliojua sababu walikwisha kufa, na waliobaki walijua machozi tu.

"Moshi huu ndio unaochafua damu," alisema Inzi. "Zimeni, mtaniambia."

Mzee Ngurumo aliuchukia moshi tangu utotoni. Ulimwasha macho, ukambana kifua. Miaka yote hiyo alikuwa akingoja mtu wa kumpa sababu, na sasa amempata.

"Zimeni!" akanguruma.

Moto ukazimwa kila nyumba isipokuwa moja. Shangazi yake Mzee Ngurumo, Bi Mashavu, ng'ombe mzee aliyekaa pembeni kabisa mwa boma, alicheua kwanza, akameza, ndipo akasema, "Moto huu niliachiwa na mama yangu. Anayetaka kuuzima, aje anizime na mimi." Hakuna aliyethubutu kwenda.

Inzi akaanza kazi kwa binti wa mwenye boma, kwa heshima. Choma! Nyonya! Kesho yake tena, choma! Nyonya!

Siku kumi hazijaisha, Nyange akaamka hajiwezi. Machozi yanamtoka, kamasi zinamtoka, mwili unawaka, majani hayataki. Mjusi alipopanda mgongoni kama kawaida, alikanyaga vivimbe chini ya ngozi, vigumu, vya duara, kana kwamba kuna mtu kafukia njugu mawe humo.

"Nyange, una nini?"

"Sijui, Mjusi. Shuka taratibu. Naumia."

Mjusi akashuka. Hakuwahi kuambiwa ashuke hata siku moja, na roho ilimuuma sana.

Na sheria ya boma ilikuwa hivi: mwenye mapele akae siku saba katika kibanda cha langoni. Asipopona, afukuzwe, atoke na ugonjwa wake. Na huko nje kila mtu alijua nani anangoja. Fisi! Alikwisha kuja kutandika mkeka wake karibu na lango, anajilamba.

"Sheria ni sheria, hata kwa mwanangu," alisema Mzee Ngurumo. Akageuka upande wa pili asionekane.

Mjusi akapanda juu ya paa la kile kibanda, akakaa huko akimlinda rafiki yake. Akamwona Mganga Inzi anakuja, vuuu! Akatua juu ya pele la Nyange, akachoma, akanyonya. Kisha, bila hata kufuta mdomo, akaruka moja kwa moja mpaka kwa maksai wa jirani, mzima kabisa, akamchoma kwa sindano ile ile.

"Alaa!" Mjusi akasema. "Kumbe!"

Akateremka mbio, akaenda barazani anahema.

"Wazee wangu! Anayeleta ugonjwa ni Inzi! Anauchukua kwa huyu mdomoni mwake, anampelekea yule!"

Mzee Ngurumo akauliza polepole, "Mjusi, hebu tuambie. Wewe chakula chako ni nini?"

"Ni... ni wadudu, mzee."

"Wadudu kama kina nani?"

"Kama... panzi, mzee. Na mchwa."

"Na kina nani tena?"

"Na... inzi."

"Ha ha haaa!" Baraza zima likaangua kicheko, nundu zikatikisika. "Mmesikia? Linaloshtaki ni tumbo!"

"Lakini nimeona kwa macho yangu!"

"Umeona kitoweo! Toka hapa!"

Mjusi akaondoka mkia chini. Alijua kwamba hata akiapa mpaka ulimi ukauke, hawatamsadiki. Basi Inzi lazima ajishtaki mwenyewe, tena kwa kinywa chake, tena kwa furaha. Siku saba si nyingi, na moja ilikuwa inakwisha.

Akatafuta ngeu, ule udongo mwekundu wa kujipaka, akauchanganya na samli kwenye kigae, akamfuata Inzi.

"Simama hapo hapo!" Inzi alipiga kelele kutoka juu ya boriti. "Hatua moja zaidi, naruka!"

"Usihofu, mganga wangu. Nimekuja kuomba radhi. Tena leo nimeshiba, nimekula kumbikumbi wawili wazima wazima."

"Wawili tu watakutosha?"

"Mimi mdogo, mganga. Hebu tazama tumbo hili." Akalitunisha mpaka likataka kupasuka.

Inzi akatulia kidogo. "Haya, sema."

"Nimeona aibu, mganga. Nimewasikia watu wakisema, 'Hivi kweli anawatibu wote? Au anatibu wawili watatu, sifa anajijazia mwenyewe?'"

"Nani kasema? Nani?"

"Mimi si msengenyaji, simtaji mtu. Lakini nikawaza. Mfinyanzi akifinyanga chungu, huweka alama yake. Mhunzi akifua jembe, huweka alama yake. Wewe fundi kuliko wote, kazi yako haina alama! Kesho watu wamenona, wanang'aa, atatokea mwingine aseme, 'Hawa niliwatibu mimi.'"

Inzi akaanza kusugua mikono kwa hasira. "Wapo! Wapo wezi hao! Binamu yangu Mbu, kwa mfano. Hana haya hata chembe."

"Umeona sasa? Ndiyo maana nimekuletea ngeu. Ukimaliza kumchoma mtu, chovya miguu, mpige muhuri. Tap! Doa jekundu. Boma zima litajua kazi ni ya nani."

"Mh." Inzi akajitazama mabawa. "Nyekundu lakini itanipendeza?"

"Mganga! Kwa mabawa hayo? Itakupendeza mpaka watu wageuke!"

Basi kuanzia siku hiyo ikawa choma, nyonya, tap! Choma, nyonya, tap! Asubuhi aanzie kwa Nyange kibandani, kisha nyumba kwa nyumba. Na wale wakubwa, badala ya kushtuka, wakaringa.

"Mimi ninazo alama tatu!"

"Tatu tu? Mimi tano, na moja iko puani!"

Mzee Ngurumo ndiye aliyewashinda wote. Alikuwa nazo tisa, zimezunguka shingo kama mkufu. Kila aliyepita alilazimika kuusifu.

Mjusi alicheka, lakini roho ilikuwa inamsuta. Wakubwa alikwisha kuwaambia, wakakataa. Lakini ndama je? Ndama hawakukataa kitu, hakuna aliyewauliza. Akaenda kuwatafuta uwanjani.

"Nyie watoto! Nani fahali hapa?"

"Mimi!"

"Mimi hapa!"

"Waongo wakubwa! Fahali wa kweli ni yule anayeweza kukaa kwenye moshi wa Bi Mashavu kutwa nzima bila kukimbia. Mmoja nimemwona jana, alidumu kidogo tu, akamlilia mama."

Weee! Kabla hajamaliza, ndama wote wametimka, purukushani, wanasukumana mlangoni kwa Bi Mashavu. Wakakaa humo, macho yanavuja, pua zinavuja, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kutoka. Inzi akaja na kigae chake, vuuu! Alipofika mlangoni, khu! khu! khu! Akageuza. Akajaribu dirishani, khu! khu! Akaenda zake.

"We Mjusi," Bi Mashavu alinong'ona, "watoto hawa watanimalizia mavi yangu makavu."

"Usijali, bibi. Hao wenyewe watakutengenezea mengine."

Bi Mashavu akacheka mpaka akasahau kucheua. Na ndama wakawa wanarudi kila siku, maana ubishi ule haukupata mshindi.

Siku zikaenda. Ya nne, ya tano, ya sita. Kila siku Mjusi alikaa karibu na kichwa cha Nyange, mahali pasipo na mapele, akimfukuzia vijidudu na kumhadithia habari za mkufu wa baba yake. Nyange alijaribu kucheka.

"Mjusi," alisema siku ya sita. "Nikitolewa kesho, usinifuate. Fisi hali mijusi, lakini anaweza kukukanyaga."

"Hutatolewa."

"Unajuaje?"

"Sijui. Lakini hutatolewa, basi!" Mjusi alijibu kwa ukali, kwa sababu alikuwa anaogopa.

Siku ya saba, jua limekwisha kupanda, boma zima likakusanyika langoni. Mzee Ngurumo alikuja amejifunika blanketi zito kuanzia shingoni mpaka mkiani.

"Baridi," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Wakubwa wengine nao hawakuwa sawa. Huyu anavuta kamasi kichinichini, yule ameegemea mwenzake, mwingine anachechemea na kusema amejikwaa. Kila mmoja alikuwa anaficha lake, maana nani alitaka kutolewa nje ya lango lile?

"Nyange," alisema Mzee Ngurumo, "siku saba zimetimia. Hukupona, mwanangu. Fungueni lango."

Kwiiii! Lango likafunguliwa. Huko nje Fisi akasimama, akakunja mkeka wake.

"Karibu nje," alisema kwa adabu.

Nyange akapiga hatua moja. Mjusi akaruka juu ya nguzo ya lango.

"Subirini kwanza! Mzee wangu, watu wote wako hapa, na mganga wetu hajapewa hata asante. Hiyo si adabu!"

"Kweli kabisa!" Inzi alijitokeza mara moja, miguu myekundu, kifua mbele. "Mtoto huyu siku hizi ana akili."

"Mganga, hebu waambie watu. Kazi yako hapa ni ipi?"

"Kila mwenye doa jekundu!"

"Kila mmoja? Hakuna hata mmoja aliyechomwa na Mbu?"

"Mbu! Mbu asijitie! Wote nimewachoma mimi! Asubuhi kwa Nyange, kisha wengine wote, kwa sindano hii hii moja. Sijabadilisha, sijafuta, sijaosha! Nani mwingine anaweza kazi hiyo?"

"Hakuna, mganga. Hakuna kabisa. Basi tuione kazi yako ipasavyo. Wenye madoa wasimame kulia, wasio na madoa kushoto!"

Wakajipanga, mbio mbio, wakubwa wanagombea kusimama mbele. Kulia wakajaa wakubwa wote. Kushoto wakabaki ndama na Bi Mashavu, macho mekundu kwa moshi, lakini wanarukaruka na kupigana pembe ambazo bado hazijaota.

"Sasa," Mjusi akasema, "kila mmoja ampapase mwenzake."

Upande wa kulia hakuna aliyesogea. Wakatazama chini. Ndipo ndama mmoja akamkimbilia mama yake, akamgusa shingoni.

"Mama, una kivimbe hapa! Na hapa! Na hapa tena!"

"Nyamaza, mwanangu..."

"Na mjomba naye anavyo! Na baba!"

Lo! Ikawa patashika. Huyu anamshika yule, yule anamshika huyu. Kila mwenye rangi ana vivimbe! Kushoto wakapapasana nao, wakatafuta mpaka mikiani. Hakuna mwenye kivimbe hata kimoja.

Macho yote yakageuka kwa Mzee Ngurumo.

"Mzee," Mjusi akasema kwa upole, "blanketi."

"Baridi, nimesema."

"Mzee wangu, nguzo hii inachoma mpaka nasimama kwa miguu miwili."

Mzee Ngurumo akamtazama binti yake aliyesimama langoni. Kisha akatikisa mwili, blanketi likaanguka, pwaa! Shingo nzima ilikuwa imejaa mapele kati ya yale madoa yake tisa.

"Tangu juzi," akasema. "Niliogopa lango."

Fisi, huko nje, akauliza kwa adabu ile ile, "Samahani, mko wangapi? Nikaite ndugu zangu?"

"Sheria ni msumeno, mzee," Mjusi akasema. "Ukimtoa Nyange, utoke na wewe, na upande wote wa kulia utoke. Boma abaki nalo Bi Mashavu na watoto."

Fahali yule mkubwa akameza mate, gudu! "Fungeni lango," akasema. "Sheria hiyo imekufa leo. Nilitaka kumpa fisi mwanangu, na mwenye kosa nimemkaribisha mwenyewe."

Na mwenye kosa yuko wapi? Alikuwa anarudi nyuma taratibu, anasugua mikono. "Jamani, mimi nina mgonjwa ng'ambo, naona nachelewa..."

"Ng'ambo gani, we!" Bi Mashavu alikuwa amekwisha kuja na chungu cha makaa. Akatupia konzi la mavi makavu, fuuu! Moshi ukatanda. Inzi akaruka juu, khu! Akaruka pembeni, khu! khu! Akazunguka, akazunguka, kizunguzungu kikamshika, pu! chini mavumbini. Mjusi akashuka nguzoni. Nyap!

Watu wote wakamtazama akitafuna.

"Njaa nilikuwa nayo, sikatai," akasema baada ya kumeza. "Wale kumbikumbi nilimdanganya."

Siku ile ile moto ukakokwa tena kila nyumba, na kila mtoto sasa alijua sababu yake. Wagonjwa wakalazwa upande mmoja, mbali na wazima, penye moshi, wakapelekewa maji na majani mabichi. Siku hizi, wanangu, daktari wa mifugo anayo chanjo ya mapele hayo, lakini wakati ule haikuwepo, kulikuwa na kuuguzana tu. Wengi walipona, polepole sana. Nyange naye alipona, akabaki na makovu mgongoni.

Lakini jioni ya siku ile alikuwa bado mgonjwa, amelala ndani kwa Bi Mashavu. Mlangoni pakasikika sauti nene inayokwaruza.

"Hodi, shangazi."

"Nani?"

"Ni mimi. Ngurumo."

"Humu mna moshi, Ngurumo."

"Najua, shangazi."

"Utakohoa. Utalia."

"Nitalia," akasema fahali. Akainama, akapenya mlangoni kwa shida, akalala chini kando ya binti yake. Nyange akamsogezea majani yake nusu, na Mjusi akapanda darini awaachie nafasi.

Nami nawaacha humo humo na moshi wao, nanyi mkilala mlale na hili: ugonjwa haufukuzwi kwa kumfukuza mgonjwa.